Pete Moja ya Mkaa, Pete Mbili za Maji

Mjomba wangu alinuka panya. Naanzia hapo kwa sababu kila aliyemjua alianzia hapo. Kabla ya kutoka kazini alioga mara mbili, kwanza kwa sabuni ya kufulia na kisha kwa ya kuogea, akabadilisha nguo hadi soksi, na bado ukikaa naye chumbani madirisha yakiwa yamefungwa ulijua umekaa na nani. Mkewe alivumilia miaka mitatu, akafunga virago. Mtaani walimwita Bwana Panya, naye aliitika bila kinyongo, utadhani ni cheo alichopewa kwa barua.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya weupe katika taasisi ya utafiti iliyo nyuma ya hospitali kuu. Aliingia pale kama mfagizi, akahamishiwa chumba cha wanyama kwa sababu wengine wote walikataa, akakaa humo miaka kumi na tisa. Nilimtembelea mara moja. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu za chuma, masanduku ya plastiki yenye vifuniko vya nyavu, chupa za maji zilizopinduliwa, na feni iliyolalamika mchana kutwa. Alipiga mluzi kabla ya kufungua mlango ili wasishtuke. "Ukiwashtua hawali," aliniambia, "na wasipokula, hesabu za Profesa zinaharibika." Aliwaweka kwenye mzani mmoja mmoja huku akiwaomba radhi kwa mikono yake baridi. Siku ile nilimcheka.

Nampenda, na nina hasira naye ambayo haijapoa. Sioni kwa nini nichague moja.

Mama yangu alikuwa dada yake mkubwa. Wazazi wao walifariki mapema, kwa hiyo Mama ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akamchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili. Mama na mimi ni mafundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kiwanda. Kila Jumamosi mchana Mjomba alikuja, akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, mmoja wetu akafungua dirisha bila kusema neno, na habari za panya zikaanza.

Mwaka ule habari zilikuwa za mkaa. Profesa wake, mwanamke mwembamba aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama, alikuwa akijaribu dawa ya saratani iliyotengenezwa kwa kaboni. Kaboni ni ndugu wa mkaa wa jikoni, ila hiyo yake iliundwa kwa chembe ndogo mno, nyingi zingetosha kwenye tundu la sindano na nafasi ikabaki. Unazidunga kwenye mshipa wa panya, zinasafiri na damu, zinakusanyika kwenye uvimbe. Ukimlaza panya gizani chini ya kamera yake, chembe zinang'aa, na kwenye skrini unaona uvimbe unapoanzia na unapoishia. Kisha unammulika kwa taa yenye mwanga ambao jicho halioni. Mwanga unapita kwenye ngozi bila kuiunguza, unazikuta chembe, chembe zinapata moto, uvimbe unaivia humo humo ndani.

"Bila kisu, dada," Mjomba alimwambia Mama. "Panya anasinzia, anaamka, kidonda kinakauka chenyewe."

"Na huyo panya hasikii akiungua?"

"Kalala usingizi wa dawa. Mimi ndiye nasikia, kwa niaba yake."

"Wewe walikosea kukuzaa mtu," Mama alisema, akaendelea kushona. Wakati huo sikujua kwamba na yeye anacho kivimbe.

Sasa nieleze habari ya mikia, maana ndipo yote yalipoharibikia. Panya wa jaribio lile walikuwa ishirini, wote na uvimbe ubavuni. Kumi walidungwa mkaa, kumi wakadungwa maji ya chumvi tu, na wote wakamulikwa taa ileile, ili mwisho ijulikane kama kilichoponya ni mkaa au ni bahati. Walichanganywa kwenye masanduku, watano watano, asije mtu akadai kwamba sanduku hili lilipata hewa nzuri kuliko lile. Kilichowatofautisha ni pete za wino mkiani. Pete moja, huyu wa mkaa. Pete mbili, huyu wa maji. Kulikuwa na kifaa cha kutoboa masikio kwa alama ya kudumu, lakini kilivunjika na kipya kiliagizwa miezi mingi bila kufika. Wino nao haukai, kwa sababu panya hulambana kutwa. Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi Mjomba aliwashika mmoja mmoja na kupitisha kalamu juu ya pete kabla hazijafifia. Kamera isingemsaidia mtu aliyezipoteza, maana ule mng'ao ulidumu siku mbili tu. Profesa alimwambia mbele ya watu kwamba kazi yake yote imening'inia kwenye ile kalamu, na Mjomba alilirudia neno hilo kwetu Jumamosi nzima.

Mwezi wa kwanza Mama alinionyesha kivimbe kwenye titi la kulia. Kilikuwa cha ukubwa wa ndimu, kigumu, na alikuwa amekificha tangu kilipokuwa punje. Hakutaka nimsindikize mimi hospitalini, alisema mtoto hana haja ya kuona mambo hayo, nami nina miaka thelathini na minne. Akaenda na mdogo wake. Wakamkata kinyama cha kupima, kidonda kikavuja damu, akalazwa siku tano. Mjomba alilala kwenye benchi la hospitali siku zote tano. Alimpigia simu mlinzi wa getini amsaidie kuwapa panya chakula na maji, na mlinzi alifanya kazi hiyo vizuri sana. Habari ya kalamu hakumwambia. Alisahau, na kwa hilo sijawahi kumlaumu, hata siku moja.

Aliporudi kazini alikuta mikia ishirini myeupe.

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya juu, ngazi ishirini na kitu. Angepanda, angesema, "Nimeziacha pete zikafutika," wangepoteza jaribio la miezi kadhaa, labda angemwaga unga, na Mama yangu angekuwa hai. Hakupanda. Aliwatoa panya kwenye masanduku, akawatazama. Wapo walionenepa, manyoya laini, uvimbe umesinyaa. Wapo waliojikunja, manyoya yamesimama, uvimbe umekua hadi wanatembea upande. Mjomba alijua mkaa unaponya. Alikuwa ameshauona uking'aa kwenye skrini. Basi waliopona walikuwa wa mkaa, aliona ni jambo lisilohitaji kuulizwa. Kumi walionona akawachora pete moja, kumi waliodhoofu akawachora mbili.

"Sikudhani nabuni, mwanangu," alikuja kuniambia baadaye. "Nilidhani nasoma kilichoandikwa mle mwilini mwao."

Majibu ya Mama yalikuja, yakawa yale tuliyoyaogopa. Daktari wa upasuaji, mtu mpole aliyeongea akitazama meza, alisema titi liondolewe lote pamoja na tezi za kwapani, kisha dawa, na kwamba ugonjwa ulikuwa bado haujaenda mbali. Alisema pia kwamba mkono wa kulia huenda ukavimba na kukosa nguvu. Mama alilia siku mbili, kwa fundi mkono wa kulia ndiyo maisha. Siku ya tatu alipiga moyo konde. Akaenda kusaini fomu, akapewa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu. Aliporudi alikata kitambaa cha pamba, akakishona mviringo, akakijaza pamba na mtama kidogo hadi uzito ukalingana na titi la pili, akakivaa juu ya gauni na kuniuliza kama limekaa sawa. Tulicheka mpaka tukashikana.

Siku nne kabla ya Jumatatu hiyo Mjomba alikuja katikati ya wiki, hajaoga.

"Tisa kati ya kumi, dada," alisema kabla ya kuketi. "Wa mkaa, tisa wako hai na uvimbe hawana. Wa maji wamebaki wawili tu. Profesa kalia. Mimi sijawahi kumwona akilia."

Profesa alikuwa amewaambia wafanyakazi wake, "Mambo yakienda hivi, siku moja tutaomba ruhusa ya kujaribu kwa watu." Mpaka maneno hayo yanavuka kizingiti chetu yalikuwa yameshatiwa chumvi: ruhusa iko njiani, ni suala la miezi. Mjomba hakuwa mwongo. Alikuwa na furaha, na furaha ilimshinda.

Mama aliweka mkasi chini. "Hao panya umewaona wewe mwenyewe?"

"Nimewashika kwa mikono yangu hii."

Kwetu hilo lilitosha. Tangu utotoni Mjomba alijulikana kwa kushindwa kudanganya, masikio yalimsaliti kwa kuchezacheza. Jumatatu ilipofika Mama alikaa kwenye cherehani yake kama siku nyingine yoyote. Nilimsihi, nikamkasirikia, nikampigia daktari simu mbele yake. Aliniambia, "Wewe jaribu kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja, halafu uje tuongee. Nasubiri mwanga." Akasubiri.

Mwezi wa nne Profesa alisafiri kwenda kusoma matokeo yake kwenye mkutano wa wataalamu. Akiwa huko, friji ya kugandishia mizoga ya panya ikafa. Wote waliokufa walikuwa wamehifadhiwa humo, kila mmoja kwenye mfuko na idadi ya pete zake, ili Profesa awapasue mwisho wa jaribio. Akampigia Mjomba simu: wachane matumbo, watie kwenye chupa za dawa ya kuzuia kuoza, usiguse kingine. Mjomba akavaa glavu, akachukua wembe.

Mkaa ukishaingia mwilini hautoki wote. Unaobaki unajikusanya kwenye ini, na ini linakuwa jeusi. Hilo Mjomba alilijua, alilisikia likisemwa kila wiki. Panya wa maji ini lake linatakiwa kuwa jekundu la kahawia kama la mnyama yeyote. Alimchana wa kwanza mwenye pete mbili, na ini lilikuwa jeusi. Alidhani ni kuoza. Alimchana wa pili, wa tatu. Waliokufa na pete mbili walikuwa wanane, na watano kati yao maini yalikuwa meusi tii, kama yamepakwa masizi. Kisha akamchana yule mmoja wa pete moja aliyekufa, akakuta ini jekundu, safi.

Alikaa chini sakafuni. Alielewa hapo hapo kwamba hakuwa amewatambua panya, alikuwa amewapanga. Mkaa uliponya baadhi na ukaacha wengine wafe, au haukuponya yeyote, yeye hakuwa na namna ya kujua. Tisa kati ya kumi ilikuwa kazi ya kalamu yake. Akawatia kwenye chupa za rangi ya kahawia, akafunga vifuniko, akazipanga rafuni, akaoga mara mbili, akaenda nyumbani.

Na akanyamaza. Hapo ndipo mimi na yeye tulipoachana. Kusahau kalamu, sawa. Kuchora kwa imani, ni upumbavu, lakini sawa. Lakini alikuwa na dada mwenye ndimu kifuani aliyeacha kisu kwa ajili ya panya tisa, na sasa alijua panya hao hawapo. Anasema alitaka kwanza Profesa arudi. Profesa alirudi. Anasema aliogopa kumwaibisha mbele ya wenzake. Anasema Mama alikuwa anaimba tena, ananunua vitambaa vya rangi, na hakujua aanze wapi. Yote hayo naamini ni kweli. Jumamosi alikuja, akaketi kwenye kigoda, habari za panya hakuzianza. Mama akamuuliza, "Ruhusa imefikia wapi?" Akajibu, "Bado, dada." Masikio yake sikuyatazama, na kosa hilo ni langu. Alijibu hivyo Jumamosi kumi na moja. Nimezihesabu kwenye kalenda, zaidi ya mara moja.

Mwezi wa saba Mama alishindwa kuinuka kutoka kwenye cherehani. Mgongo, alisema, ni kukaa sana. Jumatatu iliyofuata Mjomba alipanda zile ngazi na kumwambia Profesa kila kitu. Hakugombezwa. Profesa aliomba zile chupa, akazifungua moja moja, akahesabu, akasema, "Asante kwa kuniambia," akafunga mlango. Kisha Mjomba akaja kwetu na ovaroli yake ya kazini, akasimama mlangoni, akasema tena, kuanzia simu ya mlinzi hadi maini. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka mgongo ukiwa umekandamizwa na mto.

"Ulijua lini?" Mama aliuliza.

"Mwezi wa nne."

"Mwanzoni au mwishoni?"

"Katikati, dada."

Mama aligeukia ukutani. Mimi sikugeuka. Nilimwita muuaji. Nilimwambia anuke huko huko anakonukia, asikanyage tena kwetu. Nilikuwa na mkasi mkononi na nilijiogopa, nikauweka juu ya kabati. Alisimama pale akayapokea yote, hata hakujifuta mate yangu.

Picha za hospitali zilionyesha kwamba ugonjwa uko kwenye mifupa ya mgongo na kwenye ini. Daktari mpole alisema kisu hakina kazi tena. Nikamuuliza kama mwezi wa nne kingekuwa na kazi. Aliitazama meza. "Swali hilo halitakusaidia," alisema, nami nikapata jibu langu.

Mjomba alirudishwa kwenye ufagio, korido za ghorofa ya chini. Hakulalamika. Hakula pia. Kila jioni aliketi nje ya ukuta wetu, hagongi, haondoki. Jirani yake akaja kuniambia kwamba Bwana Panya ameanza kugawa vitu: redio kampa huyu, kitanda kampa yule, na amemuuliza mwenye nyumba kama anaweza kulipa hadi mwisho wa mwezi tu. Nikamwambia Mama, na sitaficha nilivyomwambia. Nilimwambia nikidhani atafurahi.

Mama akasema mwite. Aliingia, akapiga magoti kando ya mkeka. Mama alimtazama kwa macho makavu kabisa.

"Nikwambie kitu ambacho hata huyu hakijui," alisema, akinielekeza kidevu. "Mimi nisingekatwa. Ile Jumatatu nilishaamua siendi, kabla hujaja na panya wako. Wewe ulinipa kisingizio tu. Ungesema wamekufa wote, ningetafuta kisingizio kingine. Kwa hiyo acha kujipa umuhimu, nenda ukale."

Mjomba alilia kwa sauti, kichwa kwenye kanga yake. Mimi nilitoka nje kwa sababu nilihisi nitasema. Nilikuwepo aliposaini fomu. Nilikuwepo alipojipima lile titi la pamba na kuniuliza kama limekaa sawa. Kisingizio gani?

Alipokwenda nikarudi ndani. "Mama, kwa nini umemdanganya?"

"Mimi nakufa kwa vyovyote. Nataka tufe mmoja, si wawili." Alipumzika kidogo, kuongea kulikuwa kazi. "Na wewe akikuuliza, sema hivyo hivyo."

"Siwezi."

"Nimekulea wewe na nimemlea yeye. Sikuombi. Nakutuma."

Alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, nikiwa namchanganyia uji. Wiki zake za mwisho Mjomba ndiye aliyembeba kumpeleka bafuni, na ndiye aliyemgeuza mgongo usitoke vidonda, kwa mikono ya mtu aliyezoea kushika viumbe wadogo bila kuwaumiza. Hilo nalo ni kweli na lazima niliandike.

Jumamosi iliyopita alikuja. Amenenepa kidogo. Redio yake amerudishiwa. Anasema Profesa ameanza jaribio upya, safari hii na alama za masikio, na kwamba huko wanamsalimia. Nilimpa chai, nikaendelea kupindua upindo wa sketi ya mteja. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba dada yake alikuwa mkaidi tangu utoto, na kwamba vyovyote ambavyo ingekuwa asingekubali kukatwa.

Nilikuwa nimeshika sindano, na uzi ulikuwa umekwisha, lakini niliendelea kuivuta kana kwamba umo.

"Ndiyo, Mjomba," nilisema. "Asingekubali."

"Nilijua," alisema, akamalizia chai yake.